Unacholipia ni Mtihani

Mwanasheria wa Kitanzania anayefanya kazi Maskati na kutamani uzamili wa sera za umma Marekani hafanani kwa mengi na kijana wa Ohio anayefundisha Kiingereza Mwanza huku akijiandaa kurudi kwao kusoma uhusiano wa kimataifa. Hata hivyo, wote wawili hukwama kwenye kizingiti kimoja: wana shahada nzuri ya kwanza, lakini hawajawahi kukaa darasa la uchumi. Harvard Kennedy School hutaka anayeomba programu yake ya MPA/ID, ile ya maendeleo ya kimataifa, awe amesoma chuoni maikro, makro na kalkulasi ya vigeu vingi. MSFS, programu ya uhusiano wa kimataifa ya Chuo Kikuu cha Georgetown, nayo hudai maikro na makro za mwanzo. Kwa asiyezoea maneno haya, maikro ni uchumi unaomtazama mnunuzi, muuzaji na soko mojamoja. Makro ni ule wa nchi nzima, ambao Wizara ya Fedha ya Tanzania huuita uchumi jumla: pato la taifa, mfumuko wa bei, ajira, riba. Mtu aliye kazini ugenini, mbali na chuo anachokitaka na mbali pia na kile kilichompa shahada, mara nyingi hana njia ya kuyapata masomo haya ya sharti isipokuwa mtandaoni.

Hapo ndipo maswali huanza: kozi ipi, ya chuo gani, kwa shilingi ngapi. Wengi huyajibu kwa kuangalia mafundisho. Huuliza kama mhadhiri anaeleza vizuri, kama video zinatazamika kwenye simu, kama kitabu ni kipya. Hoja yangu ni kwamba wanaangalia upande usiofaa. Mafundisho ya uchumi wa mwanzo siku hizi ni bure kabisa, tena ya kiwango cha juu. MIT imekuwa ikiweka mihadhara yake hadharani tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mtu yeyote anaweza kumsikiliza Jonathan Gruber akifundisha maikro au Gilbert Strang akifundisha aljebra ya mstari. Chuo Kikuu cha Rice, kupitia mradi wa OpenStax, hutoa kitabu kizima cha misingi ya uchumi bila senti moja, na kundi la wanauchumi wa mradi wa CORE limeandika kingine kinachoanzia kwenye historia na ukosefu wa usawa badala ya kuanzia kwenye mchoro wa soko. Bando la intaneti ndilo gharama pekee. Ikiwa elimu yenyewe haiuzwi, basi anayelipa mamia ya dola kwa kozi ya maikro ananunua kitu kingine, na ni vyema akijue kabla ya kutoa pesa. Ananunua mtihani, yaani alama inayotolewa na chuo kinachojulikana, baada ya mtu asiyemfahamu mwanafunzi kupima anachokijua katika mazingira ambayo si rahisi kudanganya.

Uchumi wenyewe unalieleza jambo hili vizuri kuliko kipeperushi chochote cha chuo. Mwaka 1973 Michael Spence alichapisha makala kuhusu soko la ajira iliyochangia kumpatia Tuzo ya Nobel ya mwaka 2001, aliyoigawana na George Akerlof na Joseph Stiglitz. Alianza na jambo la kawaida: mwajiri hawezi kuona uwezo wa mwombaji kabla ya kumwajiri. Kwa hiyo hutafuta ishara, na ishara hufaa pale tu ambapo aliye hodari huipata kwa urahisi na asiye hodari huipata kwa taabu kubwa. Kamati ya udahili iko katika hali hiyohiyo. Inasoma maombi kwa mamia kutoka kila pembe ya dunia, na swali lake kwa mwanasheria wetu wa Maskati ni moja: huyu ataweza kuimudu hesabu ya muhula wa kwanza? Cheti cha kumaliza kozi ambacho hupewa kila aliyebonyeza video hadi mwisho hakilijibu swali hilo, kwa sababu hodari na mvivu wote wanaweza kukipata kwa bei ileile. Alama ya A ya maikro kwenye nakala rasmi ya matokeo, iliyotumwa na chuo moja kwa moja, inalijibu. Ndiyo maana jambo la kwanza la kuuliza kuhusu kozi ni nini kinatokea siku ya mwisho, nani anasahihisha, karatasi inayotoka ina alama ya herufi au neno "amefaulu" tu, na krediti zake zinatambuliwa na nani. Uzuri wa video unaweza kusubiri.

Katika Afrika Mashariki wazo la kutenganisha kufundisha na kutahini si geni hata kidogo. Elimu yetu ya juu imejengwa juu yake. Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kilipata hati ya kifalme iliyoruhusu watu kufanya mitihani yake bila kupita kwenye vyuo vilivyokuwa chini yake. Kuanzia mwaka 1949 Makerere ilifungamana na London: mwanafunzi alifundishwa Kampala na kutunukiwa shahada ya London, hadi Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipoundwa mwaka 1963. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1961 katika jengo la TANU la Mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wachache wa sheria, nacho kilianza kama chuo kishiriki cha London. Kizazi kile hakikuambiwa kuwa shahada zake ni za bandia kwa sababu mihadhara ilitolewa mbali na London. Kilichozipa heshima ni kwamba mtihani ulikuwa wa London, na mtu wa Leeds au wa Lagos alijua maana yake. Leo London hiyohiyo inaendelea kutoa masomo ya uchumi kwa wanafunzi wa mbali chini ya uongozi wa kitaaluma wa LSE, chuo cha uchumi cha London. Anayejifunza peke yake usiku huko Bukoba au Bergen hupimwa kwa kipimo chenye jina, na hilo ndilo analolipia.

Mfano wa karibuni zaidi ni programu ya data, uchumi na uundaji wa sera ya MITx, tawi la kozi za mtandaoni la MIT, ambayo Abhijit Banerjee na Esther Duflo ni miongoni mwa waanzilishi wake. Wawili hao walipata Nobel mwaka 2019 pamoja na Michael Kremer, ambaye utafiti wake na Edward Miguel kuhusu dawa za minyoo katika shule za Busia, magharibi mwa Kenya, umekuwa mfano maarufu katika uchumi wa maendeleo. (Si ajabu basi Mkenya akaketi Minneapolis akifundishwa na watu wa Massachusetts habari za watoto wa Busia.) Katika programu hii mihadhara inaweza kufuatwa bila malipo. Anayelipa hulipia mtihani unaosimamiwa na cheti kinachoufuata, na ada hupangwa kulingana na kipato cha mtu. Aliyefaulu anaweza kuomba kuingia uzamili wa mseto wa MIT, ambao kundi lake la kwanza lilianza mwaka 2020, na hadaiwi shahada ya kwanza wala GRE, mtihani wa kuombea uzamili. Tafakari uzito wa jambo hilo: chuo chenye sifa kubwa kiko tayari kuipuuza shahada nzima ya mtu, ila hakiko tayari kuupuuza mtihani wake. Kuna takwimu zinazoendana na hili. Justin Reich na José Ruipérez-Valiente walichambua kozi huria za Harvard na MIT za miaka sita na kuchapisha matokeo katika jarida la Science mwaka 2019. Kati ya wote waliojiandikisha mwaka 2017-18, waliomaliza walikuwa asilimia 3 hivi. Kati ya waliolipia cheti kilichothibitishwa, walikuwa asilimia 46. Bila shaka wanaolipa huwa wameshaamua tangu mwanzo, kwa hiyo si pesa peke yake iliyowasukuma. Hata hivyo, anayejua tabia yake mwenyewe baada ya kazi ya kutwa ataona kwamba tarehe ya mtihani iliyolipiwa humfanya mtu akae mezani siku ambayo kochi linamwita.

Pingamizi la kwanza ni zito, nalo halipaswi kupitwa kwa haraka: kozi za mtandaoni zinafundisha vibaya kuliko darasa. Ushahidi upo, tena bahati nzuri unatoka kwenye somo letu lenyewe. William Alpert, Kenneth Couch na Oskar Harmon waliwagawa wanafunzi wa maikro ya mwanzo kwa bahati nasibu katika makundi matatu: darasani, mseto, na mtandaoni tupu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa kundi la mtandaoni tupu lilipata pungufu ya alama 5 hadi 10 kwenye mtihani wa mwisho, ilhali kundi la mseto halikuachwa nyuma kwa tofauti ya maana. Kabla yao, David Figlio na wenzake walilinganisha mihadhara ya ana kwa ana na ya intaneti katika kozi ya maikro ya chuo kikubwa cha Marekani, na wakaona darasa la ana kwa ana likitangulia kidogo, pengo likiwa kubwa zaidi kwa wanaume, kwa wenye asili ya Amerika ya Kilatini na kwa waliokuwa dhaifu tangu awali. Sioni sababu ya kuyapinga matokeo hayo. Naona tu kwamba yanajibu swali tofauti. Yanalinganisha mtandao na darasa, ilhali aliye Maskati au Mwanza hana darasa la kulinganisha. Chaguo lake la pili ni kutoomba kabisa, au kuacha kazi na kuhama. Ukweli ule unamdai kitu kingine: ajue kwamba mtandao utampunguzia alama kadhaa akiuachia ufanye kazi peke yake, na azibe pengo kwa makusudi. Kundi la mseto linaonyesha pa kuanzia. Watu wawili watatu wanaosoma kozi moja, wanaokutana Ijumaa na kusahihishiana mazoezi, tayari wamerudisha sehemu ya darasa.

Pengo linaloumiza zaidi, hata hivyo, ni la hesabu, na hapa ndipo waombaji wengi huharibu mpangilio. Husoma maikro na makro za mwanzo, hupata A mbili, kisha hudhani wamemaliza. Kwa shule nyingi za sera za umma wamemaliza kweli. Kwa uzamili wa uchumi wenyewe, kama ule wa LSE au wa vyuo vingi vya bara la Ulaya, hawajaanza. Tuchukue mfano mdogo. Mtu ana shilingi 12,000. Mkate ni shilingi 2,000 na pakiti ya maziwa 3,000. Kuridhika kwake ni idadi ya mikate ikizidishwa kwa idadi ya pakiti. Anunue nini? Mwanafunzi wa maikro ya mwanzo atajaribujaribu: mikate sita bila maziwa ni sifuri, pakiti nne bila mkate ni sifuri, mikate mitatu na pakiti mbili ni sita, basi hapo ndipo. Jibu ni sahihi. Mwanafunzi wa ngazi ya pili ataandika mlinganyo mmoja kwa mbinu ya Lagrange na kugundua jambo kubwa zaidi: mtu huyu atagawa pesa yake nusu kwa nusu kwa bei yoyote ile, kwa hiyo maziwa yakipanda hadi 4,000 atanunua pakiti moja na nusu na mikate yake itabaki mitatu. Mwanafunzi wa uzamili hapewi namba kabisa; hupewa herufi na kuambiwa athibitishe. Kuvuka kutoka hatua ya kwanza hadi ya pili kunataka kalkulasi, na kutoka ya pili hadi ya tatu kunataka kalkulasi ya vigeu vingi pamoja na aljebra ya mstari. Hakuna ustadi wa kujieleza unaoweza kuziba nafasi hiyo. Kwa mwanasheria aliyeachana na hisabati kidato cha nne, kozi ya kwanza ya kulipia si maikro; ni kalkulasi. Muungano wa Utafiti wa Uchumi Afrika, yaani AERC, ulioanzishwa Nairobi mwaka 1988, ulisimamisha uzamili wake wa pamoja wa vyuo vya Afrika juu ya nguzo tatu: maikro, makro na mbinu za kihesabu. Anayedhani hesabu ni ulimbwende wa Wazungu auangalie mtaala huo kwanza.

Wapo wanaosema chuo kitawafundisha hayo wakishafika. Ni kweli kwamba programu nyingi zina kambi ya hesabu kabla ya muhula, na LSE huwapitisha wanafunzi wake wa uzamili wa uchumi kwenye kozi ya utangulizi ya hisabati na takwimu mwezi Septemba. Lakini kozi ya wiki chache humkumbusha mtu alichowahi kukijua. Haiwezi kumjengea msingi wa miaka miwili. Tena, kambi hiyo huja baada ya udahili, na kamati huamua miezi mingi kabla yake kwa kutazama karatasi zilizopo mezani.

Kuishi ugenini huongeza mambo ambayo aliye jirani na chuo hayafikirii. La kwanza ni saa. Kozi nyingi za Marekani huandika mwisho wa kukabidhi kazi kuwa Jumapili, dakika moja kabla ya usiku wa manane wa New York. Wakati wa baridi dakika hiyo huangukia Jumatatu saa mbili kasoro dakika moja asubuhi Mwanza, na saa tatu kasoro dakika moja Maskati, ambako wiki ya kazi imeshaanza tangu Jumapili. Kisha mwezi Machi Wamarekani husogeza saa zao mbele, sisi na Waomani hatusogezi, na mwisho huo hurudi nyuma kwa saa nzima katikati ya muhula. Darasa la moja kwa moja la saa kumi na mbili jioni ya New York ni saa nane ya usiku Dar es Salaam wakati wa baridi. Hakuna anayejifunza mnyumbuko wa bei saa nane ya usiku halafu akaamkia kazini. Kwa hiyo kozi inayoruhusu kusikiliza kwa wakati wako, huku mtihani wake ukiwa na saa maalumu, humfaa aliye mbali kuliko ile inayojisifu kwa vipindi vya moja kwa moja.

La pili ni makazi na karatasi. Vyuo vya jamii vya Marekani husifiwa kwa unafuu, lakini unafuu huo ni wa wenyeji. California humtoza mkazi wake dola 46 kwa yuniti moja, na asiye mkazi hulipa mara kadhaa ya hapo, hata kama hatakanyaga jimbo hilo na kozi yote ni ya mtandaoni. Aliyeko Marekani kwa viza ya mwanafunzi, F-1, ana kikwazo cha aina nyingine: kozi moja tu ya mtandaoni, au krediti 3, ndiyo inayohesabiwa kila muhula katika mzigo kamili wa masomo unaomwezesha kubaki kihalali, hivyo hawezi kuujaza muhula kwa kozi za sharti za mtandaoni. Aliyeko Ulaya anahesabiwa kwa ECTS, krediti za vyuo vya huko. Mwaka mzima wa masomo ni 60, na kila moja ni saa 25 hadi 30 za kazi, kwa hiyo kozi ya 6 ni saa 150 hadi 180. Programu nyingi za Ujerumani humpima mwombaji kwa kuzijumlisha ECTS za uchumi, hisabati na takwimu, na cheti kisichotaja hata moja huwa kigumu kuhesabika hata kama mwenye nacho alitoka jasho. Mrundi au Mkongomani anayeishi Cologne na anayekijua Kijerumani anaweza kuchukua moduli mojamoja FernUniversität ya Hagen, chuo cha masafa kilichoanzishwa mwaka 1974, na zikaingia kwenye hesabu hiyo. Kuna pia suala la majina. Mwenye majina manne kwenye pasipoti ya Oman na mawili kwenye cheti cha kidato cha nne cha Zanzibar ajisajili kwa jina lililo kwenye kitambulisho chake na ambalo ataombea uzamili, herufi kwa herufi, la sivyo siku ya mtihani msimamizi atakayekitazama kitambulisho chake kwenye kamera atakuwa na haki ya kumfungia nje.

Pingamizi linalonisumbua zaidi ni la haki. Ikiwa elimu ni bure na ishara inauzwa, basi mfumo mzima unampendelea mwenye dola. Msichana wa Kigoma aliyemaliza mihadhara yote ya Gruber na kufanya kila zoezi anaweza kuijua maikro kuliko mtoto wa tajiri mwenye B ya kununuliwa kwa ada kubwa, na kamati haitamwona. Sina jibu la kuliondoa tatizo hilo, na sidhani Spence alikuwa nalo. Ishara kuwa ghali ndiyo sehemu ya kazi yake. Ila hoja yenyewe inaonyesha njia ya kupunguza maumivu. Kama kinacholipiwa ni mtihani, basi kulipia miezi ya mafundisho ambayo tayari ni ya bure ni hasara. Mwenye mfuko mwembamba na asome kwanza kwa vitabu na mihadhara huria hadi aweze kufanya mitihani ya miaka iliyopita kwa saa, ndipo ajisajili kwenye kozi ya kulipia, alipe mara moja na asirudie. Ada zinazopangwa kwa kipato, kama zile za MITx, ziwe za kwanza kuangaliwa. Mitihani ya CLEP ya College Board ya Marekani, ambayo ina maikro na makro za mwanzo, hugharimu kidogo sana ikilinganishwa na kozi, lakini si kila shule ya uzamili huikubali, na barua pepe moja kwa ofisi ya udahili kabla ya kulipa huokoa pesa na huzuni. Jibu la barua hiyo litunzwe kama risiti.

Kuna pia kitu ambacho mtihani hauwezi kukitoa, nacho ni barua ya mhadhiri. Kozi ya watu elfu kumi haina mtu atakayeandika kwamba anamjua mwombaji. Hapa kozi ndogo ya chuo, yenye saa za mashauriano na mhadhiri anayejibu kwa jina lake, inastahili bei ya juu kidogo, hasa kwa mtu ambaye wahadhiri wake wa zamani wote ni wa sheria au fasihi. Swali zuri likiulizwa wiki ya tatu na jingine wiki ya saba, barua huwa na cha kusema.

Limebaki suala la udanganyifu, ambalo limezidi kukua tangu programu za akili unde zianze kutatua mazoezi ya maikro kwa sekunde chache. Mtihani wa nyumbani usio na msimamizi sasa haumwambii mtu yeyote chochote, na kamati za udahili zinalijua hilo kama wanafunzi wanavyolijua. Usimamizi wa kamera, ule wa kuzungusha kompyuta chumba kizima na kuonyesha chini ya meza, unasaidia kiasi, ingawa humwadhibu anayeishi chumba kimoja na ndugu watatu au anayekatikiwa umeme swali la nne. Kwa hoja niliyoifuata tangu mwanzo, thamani ya kozi za mtandaoni itazidi kutegemea mtihani wa ana kwa ana kwenye kituo, mbele ya msimamizi mwenye macho. Hilo litawaudhi wengi waliovutiwa na mtandao kwa sababu ya kutotoka nyumbani. Lakini kati ya kozi mbili za bei moja, ile inayomlazimisha mtu wa Salalah, kusini mwa Oman, apande basi la usiku kucha hadi kituo cha mtihani Maskati ndiyo itakayosomeka vizuri zaidi Georgetown au London, na anayepiga hesabu ya ada aiweke na nauli hiyo humohumo.